Je, Wajua? Kamera Inapokutana na Mchoro

Kupiga picha ya mchoro ili uchapwe kitabuni, kwenye kalenda au kwenye kadi ni kazi inayokwenda kinyume na upigaji picha mwingine. Mpiga picha wa harusi hulipwa ili bibi harusi apendeze zaidi. Mpiga picha wa michoro hulipwa ili asiongeze kitu wala asipunguze. Mchoraji ameshasema yake. Tatizo ni kwamba taa, lenzi, kamera, skrini na wino navyo vinataka kusema. Ustadi wote wa fani hii ni kuvinyamazisha kimoja baada ya kingine. Haya hapa mambo yake, mengine unaweza kuyajaribu leo hii nyumbani.

MWANGA KWANZA

1. Taa ya kupigia picha mchoro haikai mbele yake. Huwekwa taa mbili zinazofanana, moja kulia na nyingine kushoto, kila moja ikiumulika mchoro kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kanuni ni ile ya darasani: mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Ukija kwa ubavu wa kulia hutokea ubavu wa kushoto, na lenzi iliyo katikati inapata rangi bila mng'ao.

2. Ndiyo maana flashi ya juu ya kamera ni adui mkubwa. Inapiga usoni, inarudi usoni, inaacha doa jeupe katikati. Doa hilo halitibiki kwenye kompyuta, kwa sababu rangi iliyokuwa hapo haikurekodiwa kabisa.

3. Je, wajua kwamba michoro ya Tingatinga ni mtihani mgumu kwa mpiga picha? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Warithi wake wa sanaa wanaendelea na rangi za aina hiyo. Ikikauka, huakisi dirisha, taa, dari na hata mtu aliyeshika kamera. Ukisimama mbele ya chui wa Tingatinga bila kupanga taa, utarudi na picha ya chui na yako mwenyewe.

4. Wenye kazi hii huvaa nguo nyeusi wakiwa kazini. Shati jekundu likimulikwa hutupa wekundu wake kwenye mchoro, na macho yako hayataugundua ila kamera itaugundua. Kuta za studio nazo hupakwa rangi ya kijivu au nyeusi kwa sababu hiyohiyo. Sebule yenye ukuta wa kijani si studio, hata ikiwa na taa za bei mbaya.

5. Kuna kipimo cha mwanga kisichogharimu shilingi: penseli. Ishike mbele ya katikati ya mchoro, ikitazama moja kwa moja kule iliko kamera, bila kuugusa mchoro. Taa mbili zitatoa vivuli viwili, kimoja kila upande. Vikilingana kwa weusi na kwa urefu, taa zako zimekaa sawa. Kivuli cha kushoto kikiwa cheusi zaidi, taa ya kulia ndiyo yenye nguvu kupita mwenzake: irudishe nyuma kidogo. Kivuli kimoja kikiwa kirefu zaidi, taa inayokitupa imekaa ubavuni mno. Sogeza, tazama tena, sogeza tena.

6. Kusogeza taa mbali mara nyingi husaidia kuliko kununua taa kubwa. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukingo wa mchoro ulio mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga unaofika kwenye ukingo ulio mita 1. Taa ikirudi nyuma hadi mita 4 na 5, tofauti ya kingo hizo mbili hupungua sana.

7. Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo maalumu mahali patano: pembe nne na katikati. Katika lugha yao "stopu" moja ni mwanga kuongezeka mara mbili. Tofauti wanayoivumilia kati ya pembe na pembe ni sehemu ya kumi ya stopu, yaani takriban asilimia 7. Jicho peke yake halifiki hapo.

8. Huna taa? Tumia kivuli cha nje, lakini ujue kina rangi. Chini ya baraza ambako jua halifiki, mwanga unatoka kwenye anga la bluu, na picha nzima hulalia ubluu. Karibu na majani mabichi, ukijani huingia. Piga kwanza picha ya kadi ya kijivu ikiwa palepale pa mchoro, kisha iambie kompyuta: hiki ni kijivu halisi. Mengine itayanyoosha yenyewe.

9. Je, wajua kwamba mng'ao unaweza kuzimwa karibu wote? Taa hufunikwa karatasi angavu ya polaraiza, inayoruhusu mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Kwenye lenzi huwekwa filta ya aina hiyohiyo iliyogeuzwa nyuzi 90. Mng'ao wa juu ya rangi hurudi ukiwa bado na mtikisiko wake wa awali, ukakwama kwenye filta. Mwanga ulioingia ndani ya rangi hurudi umevurugika, ukapita. Chui anabaki, dirisha linatoweka.

10. Aliyetengeneza karatasi hiyo ni Mmarekani Edwin Land, aliyeomba hataza yake mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Ndiye yuleyule aliyekuja kuonyesha hadharani, mwaka 1947, kamera ya Polaroid inayotoa picha papo hapo.

11. Dawa hiyo ina gharama zake. Mwanga unaofika kwenye kamera hauzidi robo ya ule wa mwanzo. Rangi nyeusi huwa nyeusi zaidi ya inavyoonekana ukutani, na michirizi ya brashi hupotea. Mchoro wenye rangi nzito iliyotuna unaweza kutoka kwenye picha ukafanana na bango la dukani. Kwa hiyo wengi huilegeza filta kidogo ili mng'ao kiasi upite na brashi ionekane.

12. Dhahabu haitaki kabisa mbinu hiyo. Kwenye hati za kale zenye nakshi za dhahabu, polaraiza huigeuza dhahabu kuwa nyeusi, kwa kuwa metali haina rangi nyingine ya kuonyesha zaidi ya huo mng'ao wake. Mpiga picha hufanya kinyume: huweka ubao mweupe karibu na lenzi ili dhahabu ipate kitu cha kuakisi.

13. Michoro ya karatasi na vitambaa vyenye rangi dhaifu huwekwa kwenye makumbusho chini ya mwanga wa laksi 50 hivi, na ya rangi ya mafuta chini ya laksi 200. Madhara ya mwanga hujumlika na hayafutiki. Mpiga picha mwangalifu hupanga taa zake kwa kutumia kadibodi, na mchoro wenyewe huletwa mwishoni.

KUNYOOKA NA KUONA VIZURI

14. Kamera ikielekea juu hata kidogo, mchoro wa mraba hutoka ukiwa mpana chini na mwembamba juu. Kuna dawa ya kioo kidogo. Kilaze bapa juu ya kadibodi iliyokaa mahali pa mchoro, kisha tazama kupitia kamera. Utauona mdomo wa lenzi ukijitazama kiooni. Ukiwa haupo katikati kabisa, kamera haijakaa sambamba na ukuta: inue, ishushe au izungushe hadi lenzi ijione katikati ya picha. Njia hii ni sahihi kuliko kukisia kwa macho, na kioo cha kunyolea ndevu kinatosha.

15. Simu huipinda michoro kwa sababu lenzi yake kuu huona upana mkubwa, nawe unalazimika kusogea karibu. Rudi nyuma hatua kadhaa, utumie lenzi ya kuvuta. Ukiwa mbali, kingo hunyooka, na eneo linaloweza kurudisha mng'ao kwenye kamera hupungua.

16. Lenzi wanayoipenda wenye kazi hii ni ya makro, ingawa hawapigi picha za wadudu. Imetengenezwa ili kitu bapa kikae kwenye fokasi kuanzia katikati hadi pembeni. Lenzi nyingi za kawaida zikiwa na fokasi kali katikati, pembe hulegea.

17. Kuliziba tundu la lenzi hadi mwisho hakuzidishi ukali wa picha. Kwenye f/22 tundu ni dogo kiasi kwamba mwanga hutawanyika unapopita ukingoni mwake, na mistari myembamba hufifia. Kazi nyingi za nakala hupigwa kati ya f/8 na f/11.

18. Ukuta mweupe kuuzunguka mchoro hupunguza weusi wa mchoro wenyewe, maana mwanga wake huzagaa ndani ya lenzi. Kitambaa cheusi nyuma ya mchoro hutatua shida hiyo.

19. Nyuzi za kanvasi zina mpangilio wa mistari, na kihisi cha kamera kina mpangilio wa nukta. Mipangilio hiyo miwili ikikaribiana, hutokea mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye mchoro. Kusogeza kamera kidogo mbele au nyuma huyaondoa.

RANGI, KICHWA CHA MATATIZO

20. Je, wajua kwamba mambo matatu ambayo fani hii inayategemea hadi leo yalitokea mwaka mmoja? Mwaka 1976 Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi uliomo kwenye kamera nyingi za kidijitali. Mwaka huohuo shirika la kimataifa la mwanga, CIE, lilitoa kanuni ya kuipima rangi kwa namba inayoitwa Lab. Na mwaka huohuo C. S. McCamy na wenzake walitangaza kadi ya rangi ya ColorChecker.

21. Kadi hiyo ina miraba 24, sita kwa minne. Mraba wa kwanza kabisa ni rangi ya ngozi nyeusi, wa pili ngozi nyeupe, kisha anga, majani na maua. Mstari wa mwisho unatoka mweupe hadi mweusi kupitia vijivu vinne. Namba za kila mraba zinajulikana, kwa hiyo kompyuta hupima kamera imekosea wapi na kwa kiasi gani.

22. Kosa hilo lina kipimo chake, Delta E. Sifuri ni kulingana kabisa. Moja hivi ni tofauti ndogo ambayo jicho lililozoea linaanza kuitambua. Marekani ina mwongozo wa FADGI unaoupa ubora wa nakala nyota moja hadi nne, Uholanzi ina Metamorfoze, na tangu mwaka 2017 kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 19264. Siku hizi "rangi imetoka vizuri" ni jambo linalopimwa.

23. Kila nukta ya kamera ya kawaida huona rangi moja tu. Kati ya nukta nne, mbili huona kijani, moja nyekundu na moja bluu. Zilizobaki kompyuta hukisia kwa kuangalia jirani. Kamera za makumbusho hukwepa kukisia huko: hupiga picha kadhaa mfululizo huku kihisi kikisogea nukta moja moja, hadi kila mahali pawe pameonwa kwa rangi zote tatu.

24. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, mchoro wenye eneo kubwa jeupe hutoka wa kijivu, na wenye eneo kubwa jeusi nao hutoka wa kijivu. Kipimo chake cha mwanga kimefundishwa kudhani kwamba dunia, kwa wastani, ni kijivu.

25. Vivyo hivyo kwa rangi. Mchoro wa wanyama juu ya wekundu mtupu, mtindo unaopendwa sana na wachoraji wa Tingatinga, huifanya kamera idhani kwamba taa ndiyo nyekundu. Inaupooza wekundu, na wanyama wanaota ubluu. Mipangilio ya kujiendesha huzimwa yote kabla ya kazi kuanza.

26. Taa ya LED inaweza kuandikwa namba nzuri ya ubora wa rangi, na bado ikaiua rangi nyekundu. Namba hiyo hukokotolewa kwa rangi nane zilizopooza; wekundu mkali, unaoitwa R9, haumo kwenye hesabu. Kabla ya kununua taa ya kazi hii, uliza R9 yake.

27. Rangi mbili zinaweza kulingana juani na kutofautiana chini ya taa. Mchoraji akiziba mchubuko kwa rangi ya kopo jipya, akaridhika nao mchana, kiraka kinaweza kuchomoza mara taa za studio zinapowashwa. Kopo la zamani na jipya yamefika kwenye rangi ileile kwa kemikali tofauti, na kamera inaweza kuyatofautisha hata pale jicho linaposhindwa.

28. Baadhi ya maua ya bluu, kama ageratum, yalikuwa yakitoka ya waridi kwenye filamu za rangi. Petali zake hurudisha kwa wingi mwanga wa mwisho kabisa wa wekundu, mahali ambapo jicho la binadamu ni karibu kipofu lakini filamu haikuwa kipofu. Rangi za kuchorea za kobalti na altramarini zina tabia inayofanana, ndiyo maana bluu zake huweza kukimbilia zambarau kwenye picha.

29. Karatasi nyingi nyeupe za kisasa zimetiwa kemikali inayopokea miale ya altravaioleti isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa bluu. Flashi ina miale hiyo kwa wingi. Matokeo yake, mchoro wa penseli juu ya karatasi nyeupe hutoka na ubluu usiofahamika umetoka wapi. Flashi nyingi za studio hupakwa rangi ya dhahabu hafifu kwenye kioo chake ili kuizuia miale hiyo.

30. Usilinganishe mchoro na chapa yake chini ya taa yoyote iliyopo. Wachapaji wana kiwango chao, ISO 3664, kinachotaka mwanga wa Kelvini 5000. Macho huzoea rangi ya chumba ndani ya muda mfupi, kisha yakakudanganya kwa uaminifu mkubwa.

YA KALE NA YA LEO

31. Picha za kwanza za michoro zilikuwa na vichekesho vyake. Sahani za kwanza za kioo ziliona bluu na zambarau tu. Gauni la njano kwenye mchoro lilitoka jeusi, na anga la bluu likatoka jeupe. Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, huko Berlin, aligundua kwamba kutia sahani rangi fulani huifanya ianze kuona kijani na njano. Wekundu ulisubiri zaidi: sahani za kuona rangi zote zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906.

32. Kitabu cha kwanza cha sanaa chenye picha za kamera kilitoka mwaka 1848: historia ya wachoraji wa Hispania iliyoandikwa na Mskoti William Stirling. Nyingi ya picha zake zilipigwa kutoka kwenye chapa na nakala za mkono, kwa kuwa michoro yenyewe ilikuwa mikubwa, myeusi au mbali.

33. Mwaka 1858 Charles Thurston Thompson alipiga picha michoro mikubwa ya Raphael iliyokuwa katika kasri la Hampton Court. Taa za umeme hazikuwapo, kwa hiyo ilibidi itolewe nje uani ikapigwe picha kwa mwanga wa mchana. Leo hakuna makumbusho yatakayothubutu.

34. Je, wajua kwamba mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1642 unaojulikana kama Walinzi wa Usiku una picha yenye nukta bilioni 717? Makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, yaliitoa Januari 2022. Mchoro una upana wa zaidi ya mita 4. Kamera ya Hasselblad ya megapikseli 100 ilipiga picha 8,439, kila moja ikichukua kipande cha sentimita 5.5 kwa 4.1 tu, kisha zikaunganishwa. Umbali kati ya nukta na nukta ni maikromita 5, pungufu ya upana wa chembe nyekundu ya damu. Kwa picha hiyo wahifadhi wanaweza kuona punje moja moja za rangi, na wakirudi miaka kumi baadaye watajua ipi imesogea.

35. Mchoro huohuo ulikatwa pande zote nne mwaka 1715 ili utoshe ukutani kwenye ukumbi wa jiji. Vipande vilipotea. Mwaka 2021 makumbusho yaliviunda upya kwa msaada wa kompyuta, kwa sababu Gerrit Lundens, mchoraji wa karne ya 17, alikuwa amekwisha kuchora nakala ndogo kabla ya msumeno kufika. Nakala ndiyo iliyokumbuka kile asili ilichopoteza.

36. Kamera inaweza kuona chini ya rangi. Miale ya infraredi hupenya rangi nyingi lakini humezwa na kaboni, kwa hiyo mistari ya mkaa aliyoanza nayo mchoraji hujitokeza. J. R. J. van Asperen de Boer wa Uholanzi ndiye aliyeiendeleza mbinu hii miaka ya 1960. Kuna wachoraji ambao walibadili mkono, kichwa au mtu mzima, wakapaka juu wakidhani siri imezikwa.

37. Wakati mwingine rangi ya uongo hutakiwa makusudi. Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro ya miambani ya Kondoa, eneo lililoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Leo programu ya DStretch ya Jon Harman hutanua tofauti ndogo za rangi kwenye picha ya mwamba hadi wekundu uliofifia uonekane tena. Lakini picha ya namna hiyo huhifadhiwa kando ya ile ya kweli, haichukui nafasi yake.

38. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kumbukumbu zilizo hatarini, ulioanzishwa mwaka 2004. Kitabu cha kale hakilazimishwi kulala bapa: huwekwa kwenye kitako cha pembe, kikafunguliwa kwa kadiri mgongo wake unavyokubali, na kamera ndiyo inayoinama kuufuata ukurasa.

KUELEKEA KWA MCHAPAJI

39. Hesabu ya wachapaji ni nukta 300 kwa kila inchi ya karatasi. Ukurasa wa A4 unataka megapikseli 9 hivi, A2 karibu 35, A1 karibu 70. Picha ya mchoro iliyotumwa kwa WhatsApp hubanwa ikapungua mno. Inatosha kumwonyesha mteja, haitoshi kuchapa kalenda.

40. Faili la JPEG lina ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la kamera ya biti 14 lina ngazi 16,384. Anga linalotoka njano hadi chungwa polepole, kama kwenye machweo yanayopendwa na watalii, hukatikakatika michirizi likirekebishwa kwenye JPEG.

41. Wino nne za mtambo wa uchapaji haziwezi kutoa kila rangi iliyomo kwenye kopo. Chungwa kali, kijani cha kuwaka na bluu ya ndani ndizo huanza kufa. Mchoraji akimlaumu mpiga picha, na mpiga picha akamlaumu mchapaji, mara nyingi wote hawana hatia. Mashine za wino wa kunyunyiza zenye wino nane na zaidi hufika mbali kidogo.

42. Kununua mchoro si kununua hakimiliki yake. Mwenye hoteli aliyeuning'iniza mchoro mapokezini hana ruhusa ya kuuchapa kwenye fulana bila idhini ya mchoraji. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

43. Na mpiga picha je? Mwaka 1999 mahakama ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, iliamua kwamba picha iliyonakili kwa uaminifu mchoro ambao hakimiliki yake imeisha haipati hakimiliki mpya, kwa kuwa haina ubunifu wa ziada. Ni sifa ya ajabu kwa fundi: ukiifanya kazi yako vizuri kabisa, sheria haioni alama yako.

44. Mwezi Mei 1945 moto uliteketeza kasri la Immendorf, Austria, pamoja na michoro mitatu mikubwa ambayo Gustav Klimt aliichora kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Vienna. Tunaijua leo hasa kwa picha za kamera zisizo na rangi. Mwaka 2021 kompyuta ilijaribu kuzirudishia rangi, ikiongozwa na maandishi ya watu walioiona michoro hiyo.

45. Mchoraji anayewauzia watalii hupoteza mchoro kila anapopata mteja. Kabla ya kuufunga kwenye karatasi, piga picha yake kivulini, kamera ikiwa sambamba, ukiacha pembeni ya mchoro kadi ya kijivu na rula. Lipe faili jina, ukubwa, mwaka na aina ya rangi, kisha lihifadhi mahali pawili. Mchoro ukishapanda ndege, faili hilo pamoja na hakimiliki ndivyo vitakavyokuwezesha kuchapa kadi, kalenda na kitabu cha kazi zako bila kumwomba mnunuzi chochote.